Grupu limenyamaza, lakini nani ameondoka? Jibu kwa mtunzi wa simulizi za kulipia

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni mtunzi wa simulizi, naishi Morogoro. Sehemu kumi za mwanzo naziweka bure Facebook, anayetaka kuendelea analipia shilingi 3,000 kwa mwezi, namwingiza kwenye grupu la WhatsApp. Natuma sehemu tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa mbili usiku, ingawa miezi hii miwili nimechelewa mara kadhaa kwa sababu ya umeme na mtoto kuumwa. Zamani kila sehemu ilipata maoni sitini, sabini, watu wanabishana hadi usiku wa manane. Siku hizi nikipata kumi na mawili namshukuru Mungu. Ni kama naita "Paukwa" na hakuna wa kuitikia "Pakawa". Mwezi uliopita nilianza na watu 146, wakaingia wapya 20, wakatoka 26, nimebaki na 140. Rafiki yangu anasema hadhira imekufa, nianzishe mashindano ya vocha au nishushe bei iwe 2,000. Nitapimaje kama kweli watu wamenichoka, na nifanye nini?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuuguza. Barua yako imebeba mambo mawili umeyafunga kanga moja: watu wamenyamaza, na watu wanaondoka. Naona la kwanza ndilo linalokunyima usingizi, lakini la pili ndilo linalokula kipato chako. Tuanze na hilo la ukimya tulimalize, maana ukiendelea kulihofia utafanya mambo yatakayoharibu hata kile kilicho kizima.

Mwaka 2006 mtaalamu mmoja wa matumizi ya kompyuta, Jakob Nielsen, aliandika kuhusu jambo linaloonekana karibu katika kila jumuiya ya mtandaoni. Kati ya watu 100, takriban 90 husoma tu bila kusema neno, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayezungumza kupita wote. Ni kadirio tu, usilichukue kama sheria, ila kila grupu nililowahi kulishika limekaa humohumo. Wewe una watu 140 na maoni kumi na mawili. Hapo hakuna msiba. Hayo sabini ya zamani ndiyo yalikuwa ya ajabu, na yana sababu yake: waliotangulia kuingia ni mashabiki wako wa damu, marafiki, watu waliokuwa wakikupigia makofi Facebook kabla hujaanza kulipisha. Waliokuja baadaye walikuja kusoma. Analipa, anasoma, anaweka simu chini, analala.

Nikueleze kosa nililolifanya mimi mwenyewe ili usilirudie. Miaka ya nyuma nilikuwa nasimamia grupu la kulipia la masomo ya kushona nguo. Nilipoona nusu ya wanachama hawajawahi kuandika hata neno, niliamini hao ni majina matupu, nikawaondoa thelathini kwa mkupuo, Jumapili jioni, eti grupu lichangamke. Kabla ya saa nne usiku simu zilikuwa zimeanza kuingia. Mama mmoja wa Korogwe aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Alikuwa amelipa miezi kumi na minne mfululizo. Kila somo alilifungua alfajiri kabla ya kwenda gengeni: anaegemeza simu kwenye cherehani, anasimamisha video, anashona pindo, anaachia video iendelee, anasimamisha tena. Vipimo vyote alikuwa ameviandika kwenye daftari la mjukuu wake. Nilipomuuliza mbona hajawahi kusema chochote, alinijibu, "Wanaoandika mle ni mafundi, mimi ningesema nini?" Nilimrudisha usiku uleule pamoja na wenzake, lakini saba walikataa kurudi, na nilielewa kwa nini. Tangu siku ile simhesabu mtu kwa maneno anayoandika.

Sasa tuje kwa wale 26.

Walioanza mwezi ni 146, wakatoka 26. Hiyo ni asilimia 18 hivi. Ukienda na mwendo huo, kati ya watu 100 ulionao leo, mwaka ukizunguka utabaki nao 9. Wangekuwa wanatoka 8 katika kila 100 kwa mwezi, wangebaki 37. Wangetoka 5, wangebaki 54. Umeona jinsi tofauti inayoonekana ndogo kwa mwezi inavyokuwa kubwa kwa mwaka? Hao wapya 20 ndio wanaokuficha. Ukitazama jumla unaona umepungukiwa na watu sita tu, unajifariji. Kumbe kila mwezi unajaza pipa lenye tundu, na nguvu zako zote za Facebook zinaishia kufidia kilichovuja.

Lakini subiri kwanza kabla hujalia, kwa sababu hiyo 26 nina shaka nayo.

Maelezo mengi utakayoyakuta kuhusu kazi hii yameandikwa na watu wa Patreon, jukwaa la mtandaoni la kuwalipa watunzi lililoanzishwa Marekani mwaka 2013, au Substack, jukwaa la majarida ya kulipia lililofuata mwaka 2017. Huko msomaji anaweka kadi ya benki mara moja, na kila mwezi pesa inakatwa yenyewe. Anayetaka kuondoka lazima aingie kwenye akaunti, atafute kitufe, athibitishe. Asipofanya kitu, anabaki. Kwetu mambo yamegeuka juu chini. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, na pamoja na wenzake ndiyo njia inayolipia simulizi zako. Kila mwezi msomaji wako anafungua menyu, anaandika namba yako, anaandika kiasi, anaweka namba ya siri, anathibitisha. Asipofanya kitu, ameondoka. Alikuwa anamwogesha mtoto, salio lilikuwa pungufu kwa shilingi mia tatu, simu ilizima, akasema nitatuma kesho, kesho ikapita. Wewe kwenye daftari umemwandika "ametoka". Yeye moyoni bado ni msomaji wako.

Kwa hiyo usiandike "ametoka" siku ya kwanza. Gawa watu wako mafungu matatu. Aliyelipa ndani ya siku kumi baada ya tarehe yake, mwite aliyechelewa, na mhesabu kuwa yupo. Aliyepitisha siku kumi lakini hajafikisha thelathini, bado yuko njiani. Aliyepitisha thelathini ndiye aliyeondoka. Rudi kwenye meseji za miamala za miezi mitatu, uzipange upya hivyo. Ukikuta, tuseme, kumi na mmoja kati ya wale 26 walilipa siku chache baadaye, basi waliokuacha kweli ni 15, yaani kama 10 katika kila 100. Bado ni wengi, lakini ni ugonjwa mwingine na dawa yake ni nyingine.

Hujaniambia huwa unamtoa mtu lini. Kama unamtoa siku ileile mwezi wake unapoisha, acha. Mpe siku tatu. Ukimtoa, kwa kawaida akirudi hazioni zile sehemu zilizotumwa akiwa nje, anakuta mhusika wako, tuseme Zamda, kaolewa na hajui kaolewa na nani, na mtu aliyepotezwa hadithi hulipa mara hiyo moja tu.

Na usisubiri akose. Siku mbili kabla, mwandikie faraghani, si kwenye grupu. Majina ya wadaiwa hayatajwi mbele za watu, hata kwa utani. Kitu kama hiki kinatosha: "Habari za jioni dada. Mwezi wako unaisha keshokutwa Alhamisi. Ijumaa ndipo barua ya baba yake Zamda inapofunguliwa. Namba ni ileile." Umemkumbusha deni na umemkumbusha hamu kwa pamoja. Kazi hii ya kukumbusha kwa adabu itakurudishia watu wengi kuliko shindano lolote.

Kuna suala la tarehe pia. Kama wote wanalipa tarehe mosi, umewapendelea wenye mshahara tu. Muuza mbogamboga, dereva wa bodaboda, msusi, hao pesa yao inaingia kila siku na inatoka kila siku, kwao tarehe mosi ni siku ya kodi ya chumba. Muulize kila mtu anapoingia: tarehe ngapi inakufaa? Iandike, uifuate. Utakuwa na kazi ndogondogo kila siku badala ya kazi moja kubwa mwanzo wa mwezi, lakini utakuwa unamfikia kila mmoja wakati mfukoni kuna kitu.

Hapa ndipo daftari linapohitajika, la karatasi au jedwali la kwenye simu, lolote lile. Mstari mmoja kwa kila mtu. Andika jina analotumia WhatsApp na jina linalokuja kwenye muamala, kwa sababu mara nyingi ni tofauti: laini imesajiliwa kwa jina la mume au la mdogo wake, na hapo ndipo watunzi wengi humtoa mtu aliyelipa. Wasomaji wako wa Muscat na Dubai, kama unao, mara nyingi hulipiwa na ndugu aliye nyumbani, kwa hiyo andika na jina la huyo ndugu. Halafu andika tarehe aliyoingia, simulizi iliyomleta, tarehe ya kila malipo, na kwa aliyeondoka, sehemu ya mwisho iliyotumwa akiwa bado yumo. Hiyo ya mwisho ni dhahabu, nitairudia.

Ukishakuwa na daftari, wapange watu wako kwa rika, kama vijana walioingia jando pamoja. Walioingia Januari ni rika moja, wa Februari rika jingine. Kisha kila rika liulize: wangapi walilipa mara ya pili? Mara ya tatu? Ukinibana nikuchagulie namba moja tu ya kuifuata mwaka mzima, nitachagua hiyo ya malipo ya pili. Malipo ya kwanza yanaweza kuwa ya udadisi. Mtu kasoma sehemu ya kumi Facebook, imeishia mlangoni, kalipa ili ajue nani aligonga. Malipo ya pili ni uamuzi. Kwa kazi nilizozishika, aliyelipa mara tatu huwa amejenga mazoea, na kumpoteza kunahitaji kosa kubwa.

Sasa chukua wale walioondoka kweli uwatafute kwenye marika yao. Kama wengi ni wa mwezi mmoja tu, wasomaji wako wa zamani hawajakuchoka hata kidogo. Wageni ndio hawakaribishwi vizuri. Kama wengi ni wa miezi mitano, sita, na wametoka karibu wiki moja, fungua safu ile ya sehemu ya mwisho. Nina karibu uhakika utakuta simulizi iliisha wiki hiyo.

Hili ni jambo la kazi yetu hasa, na simulizi zina hatari hii kuliko masomo ya ushonaji. Mwisho wa simulizi ni mlango umeuacha wazi. Msomaji alilipia kumjua muuaji, kamjua, kazi imekwisha. Ukimwambia "simulizi mpya inaanza wiki ijayo", umempa wiki nzima ya kutokuwa na sababu ya kubaki, na pengine ndiyo wiki ya malipo yake. Watu wa tamthilia za redio na televisheni walilijua hili zamani: kisa kikikaribia kufungwa, kingine kinakuwa kimeshafunguka pembeni. Fanya hivyohivyo. Zikibaki sehemu sita za simulizi ya sasa, anza kutuma mpya kila Jumatano, ya zamani iendelee Jumatatu na Ijumaa. Siku unapoifunga ya kwanza, msomaji anakuwa tayari ana sehemu tatu nne za ya pili na ana wasiwasi na mtu mwingine kabisa. Kama waliokuacha wengi waliondoka kwenye mshono huo, badiliko hili peke yake utaliona kwenye daftari ndani ya simulizi mbili.

Uliniuliza namna ya kupima kama wanasoma. WhatsApp inakupa zaidi ya unavyodhani. Bonyeza na kushikilia ujumbe wako mwenyewe kwenye grupu, gusa maelezo ya ujumbe, utaona orodha mbili: waliosoma na waliofikiwa tu. Na kwenye grupu, hata mtu aliyezima tiki za bluu anaonekana, kwa sababu mpangilio ule hufanya kazi kwenye mazungumzo ya watu wawili tu. Chagua sehemu moja kwa wiki, tuseme ya Jumatano. Hesabu waliosoma Alhamisi saa mbili usiku, halafu hesabu tena Jumatano inayofuata. Andika namba zote mbili.

Tofauti ya namba hizo mbili ina habari. Kama Alhamisi ni 70 na wiki ikiisha ni 125, una watu wanaosoma kwa mkupuo: wanasubiri bando, wanasubiri zamu iishe, wanasubiri Jumapili mume akiwa mpirani. Hao ni wazima kabisa, usiwahangaikie. Kama Alhamisi ni 70 na wiki ikiisha ni 74, hapo una watu 60 na kitu waliolipa na hawafungui, na mtu aliyelipa asifungue kwa wiki tatu ndiye atakayekosekana mwezi ujao. Huyo ndiye wa kumwandikia leo, akiwa bado yumo. Mwandikie kuhusu hadithi, usimwambie kwamba umemwona hasomi. Hakuna anayependa kujua kuwa anachunguliwa. Ile orodha ni yako wewe kupangia kazi, usiitumie kumsuta mtu hata siku moja.

Ila namba hii nayo ina mipaka yake. Tiki inasema mtu alifungua grupu, haisemi alifika mwisho. Wenzetu wanaotuma majarida kwa baruapepe waliumia kwa hili. Kwa miaka mingi walikuwa wakihesabu barua zilizofunguliwa kwa kipicha kidogo kisichoonekana kinachopakuliwa msomaji anapofungua. Septemba 2021 Apple ikabadilisha programu yake ya barua, ikawa inapakua picha hizo mapema hata kama mtu hajagusa kitu. Namba zikapanda, na hakuna msomaji hata mmoja aliyeongezeka. YouTube nayo ilikuwa inazipa kipaumbele video zilizobonyezwa mara nyingi, mpaka mwaka 2012 ilipoanza kutazama muda ambao mtu anatumia kutazama, kwa sababu kubonyeza kulikuwa kunapima ujanja wa kichwa cha habari tu.

Kujua kama wanafika mwisho, tumia kura. WhatsApp ina kura za kugusa mara moja, na mtu asiyeweza kuandika maoni mbele ya watu 140 anaweza kugusa. Mara moja kwa wiki, ujumbe wa mwisho wa sehemu uwe kura ambayo jibu lake analijua aliyesoma hadi chini. Usiulize "Umeipenda?", kila mtu atasema ndiyo. Uliza: "Zamda aipeleke ile pete kwa mjumbe, au airudishe shimoni?" Ambaye hajafika kwenye pete hatajua unazungumzia nini. Ukipata kura 50 au 60 kwa watu 140 una hadhira iliyo hai sana, na hiyo ndiyo "Pakawa" yako. Kwenye baraza la bibi mwitikio ulikuwa wa sauti, huku ni wa kidole gumba.

Kuhusu maoni yenyewe, nina jambo ambalo huenda litakushangaza: pengine unayo mengi mno mahali pasipofaa. Fikiria muuguzi wa zamu ya usiku. Anafungua grupu saa kumi na mbili asubuhi, anakuta meseji 90, nyingi za watu wanne wanaobishana na vibonzo vya kucheka, na sehemu yako imezama katikati. Anapandisha, anashusha, bando linapungua, anafunga. Grupu la simulizi lifunge, mtumaji awe wewe tu. Fungua la pili la barazani kwa wanaopenda kujadili, kuingia ni hiari. Wale kumi na wawili watahamia huko na watachangamka kuliko sasa, na wasomaji wa kimya watakushukuru kimyakimya. Usije ukapima kazi yako kwa kelele za barazani, basi.

Sasa hao wageni wanaotoka baada ya mwezi mmoja. Jaribu kuingia kwenye grupu lako kama mgeni, kwa simu ya mtu mwingine. Mtu amelipa usiku wa leo, ana hamu, anaingia anakuta grupu tupu au sehemu ya 37, wakati yeye aliishia ya 10. Anaandika "Samahani admini, naomba za nyuma", wewe uko jikoni. Unamtumia kesho mchana, moja moja, nyingine umeirukia. Hamu yote imeshapoa. Tengeneza faili moja kwa kila simulizi yenye sehemu zote zilizopita, nyepesi isiyokula bando, na uitume ndani ya saa ya kwanza baada ya malipo. Ifuatishe kwa ujumbe wa sauti wa nusu dakika, kwa sauti yako, ukimtaja jina. Nimeona watu wanaourudia ujumbe kama huo kuwasikilizisha dada zao. Kisha siku ya tano au ya sita muulize amefika wapi. Ukiyafanya haya mawili kwa wale 20 wa mwezi ujao, linganisha malipo ya pili ya rika hilo na ya marika yaliyotangulia, utajua kama yamesaidia bila kukisia.

Walioondoka waulize. Watunzi wengi wanaogopa hatua hii kwa sababu inauma. Andika hivi: "Habari za siku nyingi kaka. Sikuombi urudi. Naomba uniambie kwa ukweli, kitu gani kilikufanya usiendelee? Nitajifunza." Hiyo sentensi ya pili ndiyo inayofungua midomo. Waandikie wote, tuseme ni wale 15, na wakijibu hata sita una kazi ya kutosha. Utasikia mambo ya simu kuibiwa na ada za shule, hayo hayako mikononi mwako. Utasikia "ilirefushwa", na huyo msikilize kwa makini, kwa sababu kuna wakati tunavuta simulizi ili mwezi uishe, na wasomaji wanatuona. Wengine watakwambia wanaipata bure kwenye grupu jingine. Inauma, ni wizi, na ni haki yako kuukemea; weka jina lako na la grupu katikati ya kila sehemu, si juu tu ambako hukatwa. Lakini usigeuke askari wa kuwinda wanaosambaza sehemu zako usiku kucha ukakosa muda wa kuandika.

Ukweli mmoja nitakuambia bila kuzunguka. Ulisema umechelewa mara kadhaa. Anayelipia simulizi ya saa mbili usiku amepanga usiku wake kwa hiyo. Amewalaza watoto, amechaji simu. Ukikosa mara ya kwanza anakusubiri, ya pili anakuulizia, ya tatu anapata kitu kingine cha kufanya saa mbili, na hapo ndipo unampoteza, hata kama atalipa mwezi mmoja zaidi kwa aibu. Najua mtoto akiumwa hakuna simulizi, na hakuna anayekulaumu kwa hilo. Dawa ni akiba. Usitume sehemu uliyoiandika leo. Jipe mapumziko ya wiki mbili mara moja, simulizi ikiwa katikati na si mwishoni mwake, waambie wazi na uwaongezee siku hizo kwenye miezi yao, kisha rudi ukiwa na sehemu sita mkononi ambazo hazijatumwa. Hizo ni wiki mbili za umeme kukatika na homa za watoto. Ukitumia moja, ijaze kabla ya Jumapili.

Mashindano ya vocha hapana. Yatakuletea wapenda vocha, maoni yatapanda wiki hiyo utafurahi, na mwezi ukiisha malipo ya pili yatakuwa palepale. Kama una elfu ishirini ya vocha, ilipe kwa mtu akusomee sehemu kabla hazijatoka.

Na bei. Kwa watu 140 unapata shilingi 420,000. Ukishusha hadi 2,000, ili upate hiyohiyo lazima uwe na watu 210, yaani 70 zaidi, na lazima nao wakae, kwenye grupu ambalo bado linavuja. Ada za muamala nazo huwa zinauma zaidi malipo yakiwa madogo. Iache 3,000. Badala yake, wale waliokwisha kulipa angalau mara mbili waandikie faraghani kwamba wanaweza kulipa miezi mitatu kwa 8,000. Utapoteza elfu moja kwa kila mmoja, lakini mtu aliyekuwa na nafasi kumi na mbili za kukusahau kwa mwaka atabaki nazo nne. Wapya usiwape kwanza. Hawajui bado kama wanakutaka, na wewe hujui kama watakaa. Anza na rika lako la zamani kuliko yote, watu kumi tu, mwezi huu, uone wangapi wanakubali kabla hujawaandikia wengine.